Kichwa Nashika Mimi

Yote yalianzishwa na mchwa. Niliukuta ubao wa kupimia urefu wa watoto umesimamishwa nyuma ya mlango wa stoo ya zahanati, kwa mbele mzima kabisa. Nilipouinua, nusu ilibaki mikononi mwangu na nusu ikamwagika sakafuni kama unga wa uwele.

Nilikuwa mgeni pale. Nilikuwa nimemaliza chuo mjini Dodoma, nina shahada ya lishe, na kwa muda mrefu nilikaa Ipagala kwa dada yangu nikiandika barua za kuomba kazi, mpaka watoto wake wakabuni mchezo wa mjomba anayeandika barua. Mmoja anakaa, anashika tama, anapumua kwa nguvu, wenzake wanacheka. Ilipopatikana nafasi ya kujitolea katika zahanati ya kijiji kimoja jirani na Gulwe, niliikubali kabla hawajamaliza kunieleza, kisha nikaanza kujiuliza kama nimeikubali haraka mno, na kama haraka ile haikuonekana kama njaa.

Mimi ndivyo nilivyo. Ukiniuliza habari za asubuhi nikakujibu nzuri, naweza kutembea mpaka jioni nikijiuliza kama kweli zilikuwa nzuri au nimekudanganya.

Muuguzi wetu hakuwa na ugonjwa huo. Alikuwa mama wa makamo anayefanya kazi huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, na nilipomwonyesha mabaki ya ubao hakukatiza hata ubeti.

"Tunapima uzito, tunazungusha utepe kwenye mkono, inatosha," alisema.

"Na urefu, Nesi?"

"Wanarefuka tu, msomi. Sijaona aliyegoma."

Nikamweleza, ingawa alikuwa akijua, kwamba uzito peke yake ni shahidi anayesema nusu. Mtoto anaweza kuwa mwepesi kwa sababu amekonda, au kwa sababu ni mfupi. Mwingine utamwona amekonda kumbe ameshika njia ya kwenda juu, nyama zake zinamfuata polepole. Bila urefu huwezi kujua yupi ni yupi. Aliniacha nimalize, akanipa beseni la sindano nilibebe.

Siku ya kliniki ndipo walipokuja watu wawili walionifanya nisiusahau ule ubao.

Wa kwanza alikuwa mama kijana, Mrangi wa kwao Kondoa, aliyeolewa pale kijijini. Alikuwa na mtoto wa kiume wa mwaka na ushei, mwenye macho makubwa na miguu myembamba. Nyuma yake alikuja mama mkwe wake, kavaa kaniki mpya na shuka begani, akitembea kama mtu aliyeleta mshitakiwa.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye daktari mpya?"

"Hapana, bibi, mimi si daktari, mimi ni wa lishe, yaani nashughulika na..."

"Haya, daktari. Mpime huyu."

Tulimvalisha mtoto ile kaptula ya kupimia, tukamning'iniza kwenye mizani iliyofungwa kwenye boriti ya ukumbi. Alipiga mateke hewani, akatukojolea, akatulia. Uzito wake haukuwa umesogea sana tangu miezi kadhaa nyuma. Kwenye kadi, nukta zake zilizokuwa zikipanda zilikuwa zimeanza kulala. Utepe wa mkono ulionyesha kijani, yaani salama, lakini kijani cha ukingoni, kijani kinachochungulia njano.

"Umeona?" Mama mkwe alikuwa hanitazami mimi, alikuwa akiwatazama akina mama waliokaa kwenye benchi. "Mtoto alikuwa na mashavu. Mashavu yameenda wapi?"

"Aliumwa malaria, mama," alisema yule mama kijana. "Nesi mwenyewe anajua, alimpa dawa."

"Malaria inaumwa na watoto wote. Huyu amebemendwa."

Benchi zima likamgeukia yule mama kijana. Waliokulia kwetu hawahitaji kuelezwa. Mtoto anayenyonya akikonda bila sababu ambayo watu wameikubali, husemwa amebemendwa: mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa, akarudi na kumshika mtoto. Baba wa mtoto huyu alikuwa Kongwa akichunga ng'ombe wa watu, na huja nyumbani mara chache. Kwa hiyo hukumu ilijua pa kuelekea.

"Jumamosi ya wiki ijayo mwanangu anakuja," alisema mama mkwe. "Nitamwambia amrudishe mkewe kwao Kondoa. Mtoto atabaki, nitamkuza mimi. Sikulea wanane ili nije nimzike mjukuu."

Yule mama kijana hakulia. Alimfunga mwanawe mgongoni, akakaza fundo la kanga kifuani, akanijia karibu.

"Kaka, hakuna kipimo kingine?"

Kipo, nilisema. Kuna urefu. Nilimwambia arudi wiki ijayo siku ya chanjo, nitakuwa na ubao. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye ubao.

Fundi seremala kijijini alikuwa mmoja tu. Alitengeneza milango, vitanda, vigoda, na kitu kingine chochote ambacho binadamu anakihitaji cha mbao kutoka siku anayozaliwa. Nilimpelekea mchoro. Nilikuwa nimefikiria kila jambo: mbao zikaushwe zisije zikapinda, zipigwe randa mtoto asichomwe na vibanzi, ubao wa kichwani usimame wima kabisa, ule wa miguuni uteleze bila kukwama, utepe wa namba ugandishwe kuanzia sifuri halisi, si pale mwanzo wa utepe wenye bati. Nilimweleza habari ya ile sifuri mpaka akaniomba nimpishe afanye kazi.

Nilipokwenda kuuchukua alikuwa ameuboresha.

"Niliona mtoto anaweza kudondoka," alisema, "nikaweka kingo huku na huku."

Kingo zilikuwa ndefu, zimeenda sambamba kutoka kichwani mpaka miguuni. Halafu alikuwa ameupaka vanishi, ile nzito ya rangi ya kahawa iliyoiva.

"Vanishi sikuiandika," nilisema.

"Hiyo ni heshima yangu. Kazi ya watoto hiyo."

Niliguswa. Nikaupima kwa rula, nikaupima tena, nikakuta sifuri iko pale sifuri inapotakiwa kuwa. Niliona ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuagiza maishani. Tukaufunika kwa shuka kwa sababu ya vumbi, yeye akashika mbele, mimi nyuma, tukauweka begani, tukaanza safari ya kwenda zahanati.

Nakumbuka nilivyokisifu kijiji kile moyoni asubuhi ile. Wanaume waliokuwa wamekaa dukani walisimama tulipopita, mmoja akavua kofia. Mama aliyebeba ndoo ya maji aliitua, akapiga goti pembeni ya njia. Vijana wa bodaboda walizima injini.

"Poleni sana," waliniambia.

"Tumeshapoa," nikajibu kwa furaha, nikidhani wananionea huruma kwa jua na mzigo. "Asanteni! Si mzito!"

Fundi hakugeuka. Yeye alikuwa amezoea watu kumsimamia njiani, hakuona jipya.

Ukumbini mwa zahanati akina mama walikuwa wameshajaa na watoto wao. Tuliushusha ubao mezani. Mimi, kwa madaha kidogo, nikavuta shuka.

Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile mahali penye watoto wachanga wengi hivyo.

Kisha bibi mmoja mwenye mjukuu mapajani akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hilo ni sanduku."

Nikautazama tena. Kingo mbili. Ubao wa kichwani. Ubao wa miguuni. Vanishi. Urefu wa mtoto. Nilikuwa nimefikiria unyevu, vibanzi, na sifuri. Nilikuwa nimefikiria mpaka gundi itafanyaje kwenye joto la mwezi wa kumi na moja. Na kitu ambacho mtu yeyote mwenye macho angekiona kutoka barabarani sikukifikiria hata kidogo.

Akina mama walianza kuinuka. Waliinuka kwa adabu, mmoja mmoja, kila mmoja akikumbuka jambo alilolisahau nyumbani. Muuguzi alitoka ndani na sindano mkononi, akautazama ubao, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikasikia wimbo wake ukikatika.

"Msomi," alisema. "Umetuletea nini?"

"Ni ubao wa kupimia."

"Kupimia nini, kaburi?" aliuliza mtu kwenye benchi.

Fundi alikasirika. "Jeneza lina mfuniko! Hili mnaliona lina mfuniko?"

"Mfuniko utakuja baadaye," alijibu yule bibi.

"Na nusu yenu mnalala kwenye vitanda vyangu kila siku, hamjasema ni majeneza!"

"Chako kinapiga kelele hata maiti ataamka," mwingine akadakia, na hapo watu wakacheka, na kucheka kule kukawazuia wachache mlangoni.

Katikati ya yote hayo walikuwa wamesimama wale wawili wangu. Mama kijana alikuwa na mtoto mgongoni. Mama mkwe alikuwa amemshika mkono mkamwana wake, si kwa upendo.

"Twende," alisema. "Mjukuu wangu halali humo."

"Mama, naomba apimwe."

"Umemwondolea mashavu, sasa unataka umlaze kwenye sanduku? Jumamosi si mbali."

Hapo nilifanya jambo ambalo hata leo silielewi, kwa sababu sikulifikiria kwanza. Nilivua viatu, nikapanda mezani, nikajilaza kwenye ule ubao. Mabega yalikwama kwenye kingo. Miguu ilining'inia hewani kuanzia nyongani, na soksi yangu moja ilikuwa na tundu penye dole gumba. Nikalala pale natazama bati la dari, nikiwaza kwamba dada yangu alilipa ada ya chuo kwa ajili ya siku hii.

"Mnaniona?" nikasema. "Nimelala, naongea."

"Anaongea," mtu alithibitisha.

"Huyo hafai hata kuzikwa, ananing'inia," alisema yule bibi, na ukumbi ukalipuka.

Nilipotaka kuamka nikagundua siwezi. Fundi na muuguzi walinivuta kila mmoja kwa mkono wake, na ukingo mmoja ukang'oka pamoja nami kwa mlio mkali. Sijui kama mnaelewa jinsi mlio ule ulivyotusaidia. Fundi aliutazama ubao wenye ukingo mmoja, akachukua nyundo kwenye mfuko wake, akaung'oa na wa pili bila kuulizwa. Kilichobaki mezani kilikuwa ubao tu, bapa, wenye kisimamo cha kichwani na kingine cha miguuni. Ulifanana na kibao cha kukatia nyama cha mtu tajiri.

Yule mama kijana hakusubiri. Alifungua kanga ya begani, akaitandika juu ya ubao, vanishi ikapotea chini ya maua mekundu. Akamshusha mwanawe mgongoni.

"Tunahitaji wawili," nilimwambia. "Mmoja ashike kichwa kiguse huu ubao wa juu, macho yatazame dari. Mimi nitanyoosha magoti. Nesi, unaweza..."

"Toka," alisema mama mkwe.

Nilidhani ananifukuza. Alikuwa akimwambia muuguzi.

"Mtu baki hamshiki mjukuu wangu kichwa akiwa amelala hapo. Kichwa nashika mimi."

Akasukuma shuka lake nyuma, akaweka viganja viwili kwenye masikio ya yule mtoto, kwa upole ambao sikuutarajia, akainama mpaka uso wake ukawa juu ya uso wa mtoto. Mtoto alipomwona aliacha kulia, akamshika pua.

"Mbukwa, babu," alimwambia, kwa salamu ya kwao. "Mbukwa, mume wangu. Tulia wakupime wajinga hawa."

Nilinyoosha magoti, nikasogeza ubao wa miguu mpaka ukagusa nyayo. Nikasoma. Nikarudia. Vipimo viwili vilitofautiana kuliko ninavyovumilia, nikarudia tena, na wakati huo kichwani mwangu kulikuwa na baraza zima: je, nimevuta mno? Je, nataka awe mrefu kwa sababu namhurumia mama yake? Mizani ikihurumia inakuwa si mizani tena. Kama ni mfupi nitasema mfupi, na Jumamosi itakuja kama inavyokuja. Kipimo cha mwisho kililingana na cha kwanza. Cha katikati mtoto alikuwa amekunja dole.

Nilichukua kadi. Urefu wake wa mwisho ulikuwa umeandikwa kabla mchwa hawajashiba. Nikautafuta ule wa zamani kwenye ubao, nikaweka kidole pale, kisha kidole kingine kwenye urefu wa sasa.

"Bibi, tazama. Zamani miguu yake iliishia hapa. Leo inaishia hapa."

Aliinama akaangalia. Aliweka vidole vyake mwenyewe katikati ya vile vyangu. Vidole vyake viwili, vinene kwa jembe, viliingia vikajaa.

"Kwa muda huo mfupi?"

"Kwa muda huo. Na amepitia malaria katikati."

Nikaenda kwenye jedwali, nikatafuta uzito wake dhidi ya urefu huo. Nilikagua mstari kwa rula, nikakagua kama rula imenyooka. Kisha nikasema yote, kwa sababu nusu ingekuwa uongo. Nilisema mtoto hajakonda kiasi cha ugonjwa wa ukondefu. Nilisema amerefuka kama inavyotakiwa, na mashavu yaliondoka kwa sababu mwili umeyatumia kwenda juu. Lakini nilisema pia kwamba uzito umesimama, yuko karibu na ukingo, na uji wa maji hautamtoa pale. Anahitaji karanga zilizosagwa kwenye uji, yai, maziwa yakipatikana, mlenda wenye kitu ndani, na ale mara nyingi kwa siku kidogo kidogo.

"Kwa hiyo hajabemendwa," alisema mama mkwe. Hakuwa anauliza. Alikuwa anapima jinsi maneno yanavyokaa mdomoni.

"Bibi, ukubwa umemvuta."

Benchi lilikuwa limerudi kujaa, na wote walikuwa wakimsubiri. Nilimwonea huruma, maana yeye ndiye aliyeisema hukumu mbele ya watu hao hao, na mtu akishapanda juu hivyo, ngazi ya kushukia si rahisi kuipata. Lakini aliipata.

"Ni babu yake mtupu," alisema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Mume wangu alikuwa hivi hivi. Mrefu, mwembamba, ukimwona unamkimbilia na chakula. Mlikuwa mnamjua nyie! Damu yetu hiyo. Mrangi angeitoa wapi?"

"Kweli, yule mzee alikuwa mti," alikubali yule bibi wa sanduku.

Mama kijana alimvalisha mwanawe kimya kimya. Midomo yake ilikuwa inakataa kucheka.

"Na wewe," mama mkwe alimgeukia, "usisimame kama mgeni. Mpigie mumeo, mwambie Jumamosi aje na karanga za Kongwa, za kutosha. Sio hizi za hapa dukani zimejaa mchanga. Mtoto mrefu anataka karanga."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi atanikuta namsagia."

Hivyo tu. Hakuomba radhi, na mkamwana hakuidai. Walitoka pamoja, mtoto akiwa mgongoni kwa bibi safari hii, miguu yake mirefu ikipiga kiuno cha kaniki kila hatua. Kwa siku kadhaa baadaye nilikuwa na wasiwasi juu ya ile Jumamosi. Niliwaza pengine mume hatakuja, au atakuja na kusikia lile neno kwa mtu mwingine, maana neno likishasemwa benchini haliishi kwa kupimwa. Nilimweleza muuguzi, naye aliniambia nikafue mapazia.

Kliniki iliyofuata, mama mkwe alifika kabla yetu. Alikuwa amekaa ukumbini kwenye kigoda kipya cha rangi ya kahawa iliyoiva. Fundi hakuwa mtu wa kutupa mbao. Nilimsalimia, akaitikia, akauliza mbona nimechelewa.

Mtoto wa kwanza alipolazwa, muuguzi alinyoosha mikono kushika kichwa.

"Toka," alisema bibi. "Kichwa nashika mimi."

Alishika vichwa vyote asubuhi ile, akimwita kila mvulana mume wake na kila msichana mke mwenzake, na akina mama walipanga foleni bila kuambiwa. Mimi nilinyoosha magoti na kusoma namba. Katikati ya foleni niliiona kanga yenye maua mekundu. Yule mama wa Kondoa alikuwa amempakata mwanawe na kumlisha uji kutoka kwenye bakuli lenye mfuniko, uji mzito wa kahawia uliokataa kudondoka kwenye kijiko.

"Karanga zilifika?" nilimuuliza.

"Debe," alisema. "Mama amezifungia chumbani kwake. Ananitolea kila asubuhi, anasimama mpaka mtoto amalize kula."

"Anakusumbua?"

Alifikiri, akamfuta mtoto mdomo.

"Sana," alisema, akacheka, na foleni ikasogea.